Jinsi Nilivyouteka Mnara wa Kuongozea Ndege

Jumatatu, 4 Septemba

Leo tena nimezungushwa angani kama mwewe huku rubani mwenzangu Ruddy Antelo akitua mbele yangu. Mimi nilibeba jibini kutoka shambani; yote imelainika. Ruddy alibeba mkwewe tu. Sababu naijua: Bi Nelvy Justiniano, mwongozaji ndege pale mnarani, anampendelea. Lakini dawa nimeipata. Klabu yetu ya marubani itauzuru mnara, eti kukuza maelewano. Maelewano yenyewe ni kwamba mimi nitue kwanza. Mke wangu Zulma kasema nimuulize tu huyo mama kosa langu ni lipi. Zulma hajui siasa.

Jumanne, 5 Septemba

Tumekubaliwa. Bi Nelvy kasema ametualika miaka nenda rudi, hakuna aliyewahi kutokea. Wenzangu nimewaambia wazo ni langu. Ruddy haji, anaruka kwenda kuangalia ng'ombe wake, na mnara, kasema, kuuona kwa nje kunamtosha. Vizuri. Uwanja umebaki wangu.

Alhamisi, 7 Septemba

Ziara. Nilifika juu nahema, mkononi kikapu cha cuñapé za moto, vile vimkate vyetu vyenye jibini tele. Nilidhani kuna mtambo unaomwonyesha kila ndege ilipo. Hakuna. Ana redio, madirisha, darubini na vipande vya karatasi. Mengine yote anategemea tumwambie sisi.

Kisha akatuwekea sauti zetu za redioni alizorekodi. Ya kwanza, yangu. Nasalimu. Nauliza kama mjini kuna vumbi. Naeleza ndama aliyezaliwa na madoa. Naagiza Zulma abandike maji ya kahawa. Wenzangu walicheka hadi wakashika ukuta.

Bi Nelvy hakucheka. "Kapteni Erlan, ulipokuwa kwenye ndama, ndege ya wagonjwa ilikuwa inaniita. Sikuisikia. Ndiyo maana nakuweka pembeni kwanza, nimalizane na wengine."

Nikamshauri hiyo ndege ya wagonjwa itafute redio yenye nguvu. Akarudi kwenye karatasi zake.

Mara redio ikakoroma. Ruddy, sauti inatetemeka. Moshi wa mashamba yanayochomwa umefunika kila kitu, mafuta yanakwisha, hajui alipo. Bi Nelvy akamuuliza anaona nini chini. Ziwa, kasema. Bati jekundu. Ng'ombe majini. Jimbo letu lote la Beni ni ziwa na ng'ombe.

"Bati limeng'oka kona moja?" nikauliza.

Bi Nelvy akamuuliza. Ndiyo.

"Hapo ni kwa shemeji yangu. Upepo wa kusini uliling'oa, na yeye mvivu. Mwambie aifuate barabara ya udongo inayotoka zizini. Itamleta mpaka hapa."

Akamwambia, maneno machache, polepole, kama anayemnywesha mtoto uji. Tukangoja. Hakuna aliyegusa cuñapé. Halafu ndege nyeupe ikachomoza kwenye moshi, ikagusa ardhi, na injini ikazima yenyewe kabla haijatoka kwenye njia ya kutulia. Nilijikuta nimemshika Bi Nelvy mkono. Hakuutoa.

Ijumaa, 8 Septemba

Ruddy kaja nyumbani, kanikumbatia mbele ya Zulma. "Ndugu yangu, bila wewe sasa hivi ningekuwa chini ya lile ziwa." Macho yake yalilengwalengwa na machozi. Yangu pia, kidogo. Nikamwambia si kitu. Jioni nikamwambia tena si kitu, sokoni, kwa sauti, watu wasikie.

Jumapili, 10 Septemba

Bi Nelvy kapanda ndege yangu, naye aone sisi tunaonaje. Wakati wa kurudi akaomba aongee yeye redioni. Sentensi moja: sisi nani, tuko wapi, tunataka nini. Mwenzake mnarani akaturuhusu kutua papo hapo. Ruddy, naye angani, safari hii akasubiri.

"Umeona, Kapteni?" akaniuliza, kwa uso wa mwalimu anayengoja jibu.

Nimeona. Mtu akishakuwa shujaa, mnara humpisha hata akikaa kimya. Nikachukua redio kuwashukuru, na kwa kuwa nilikuwa nimeishika tayari, nikawasimulia mkasa mzima tangu mwanzo. Bi Nelvy akafumba macho. Uchovu wa safari, nadhani.

Kesho naizuru ofisi ya hali ya hewa. Kuna mambo kuhusu mvua za Novemba nataka tukubaliane mapema.