Dume Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 7 Machi 2022. Nyamwaga.
Kikao cha kijiji. Mimi nimekalishwa kwenye gogo. Sylvester mwenye bucha kapewa kiti chenye mto! Sababu? Saa yake ya dhahabu. Nimeichungulia: saa nne na dakika kumi. Simu yangu: saa nne na dakika kumi. Wakati uleule, yeye kitini, mimi gogoni. Nimewaza njia nzima na siri nimeipata. Watu hawanunui saa. Wananunua kitu ambacho jirani hana. Nikipata ambacho hata Sylvester hana, kiti ni changu.

Jumanne, 8 Machi.
Nimekipata! Felix, dalali wa Sirari, kanieleza kwa simu. Kuna picha za ng'ombe zinauzwa mtandaoni, mia moja tu dunia nzima. Kila moja ina namba na jina la mwenyewe, halifutiki. Matajiri wa Ulaya wanazigombania. Kuna moja anaweza kunipatia: dume namba kumi na saba, amevaa miwani ya jua. Bei ni sawa na ya dume hai. Nikamuuliza kwa nini picha iuzwe bei ya ng'ombe. Kasema ng'ombe hai wako wengi mno. Mtu mwerevu sana.

Jumatano, 9 Machi.
Mnadani asubuhi na mapema. Dume wangu mwekundu kaondoka, Namba Kumi na Saba kaingia kwenye simu. Kuna kajambo kadogo. Mdogo wangu Elia anamwoa Nora, binti wa Mzee Hezekia wa Mbalibali, na tangu baba afariki mahari ni jukumu langu. Tulikubaliana ng'ombe kumi. Jumamosi wanakuja kuwakagua. Dume mwekundu alikuwa wa kumi. Lakini sikumuuza, nimembadilisha tu! Mke wangu Rahabu kauliza yuko wapi. Nimemwambia yuko mahali salama, pasipo na kupe. Kweli tupu.

Alhamisi, 10 Machi.
Asubuhi nimemtuma dume kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, wamwone. Saa nne Sylvester kamweka kuwa picha yake ya WhatsApp. Saa nane nimemkuta fundi akimchora kwenye ukuta wa bucha, miwani na yote, na chini yake: SUPU IPO. Nikafoka kwamba huyo ni mali yangu na cheti ninacho. Sylvester kaacha kukata maini.
"Kwani wa kwako amepungua kilo, Nashoni?"
Bucha nzima ikacheka. Wacheke. Sasa kila mnywa supu anamtangaza dume wangu, tena bure!

Ijumaa, 11 Machi.
Elia kafagia zizi mara mbili. Kahesabu ng'ombe, kapata tisa. Kahesabu tena. Nikamwonyesha simu. Hakucheka, hakugomba. Kaniuliza kwa sauti ndogo kama natania. Nikamwambia atulie, Mzee Hezekia ni mtu anayeelewa mambo. Usiku hakula. Wasiwasi wa bwana harusi, nadhani.

Jumamosi, 12 Machi.
Wamefika, Mzee Hezekia na wenzake wawili, na fimbo zao. Nikawapa shikamoo mmoja mmoja. Wakakagua meno, kwato, pembe. Tisa safi. Mzee akauliza wa kumi. Nikampa simu kwa mikono miwili, nikaeleza: mia moja tu dunia nzima, hazeeki, hali majani, wezi wa mifugo hawamwezi. Mzee kaisogeza simu mbali na macho, kisha karibu.
"Mura, kijana wangu, huyu ana miguu mingapi?"
Nikasema minne.
"Basi atembee mwenyewe mpaka Mbalibali."
Wakageuka kuondoka. Elia kasimama pale kwenye lango la zizi, kalishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayeogopa kuanguka. Nikawafuata na simu mkononi. Hakuna aliyenisikiliza. Mimi, Nashoni!
Ndipo Rahabu akaja kutoka nyuma ya nyumba akimvuta mtamba wake, yule aliyemnunua kwa ndizi za misimu mitatu. Kamba akamkabidhi mzee, mimi akanipita kama nguzo.
"Baba, Elia amekulia mikononi mwangu. Haozeshwi kwa simu."
Mzee akampapasa mtamba mgongoni, akatabasamu, akapokea. Harusi mwezi ujao. Elia akapiga magoti mbele ya shemeji yake, akalia. Hata mimi macho yaliwasha. Vumbi.

Jumapili, 13 Machi.
Adhabu ya Rahabu: kuanzia leo mikungu yote ya ndizi naibeba mimi mpaka sokoni, kichwani. Nimekwenda safari tatu. Elia bado hanisemeshi. Imeniuma, sitaficha.
Ila mzigo unampa mtu nafasi ya kufikiri. Kwa nini mzee alimkataa dume wangu akatabasamu kwa mtamba? Kwa sababu mtamba anazaa! Kosa langu hilo hapo: nilinunua dume peke yake! Nimempigia Felix. Kasema jike namba arobaini yupo, amevaa hereni, na anaondoka leo hii. Dume na jike kwenye simu moja! Ndama watakuwa wa kwanza duniani.
Pikipiki yangu nimeiosha. Mnunuzi anakuja saa kumi. Rahabu nitamwambia iko gereji.