Majirani Ndani ya Kopo

Jumatatu, 3 Novemba
Umra ni wiki ijayo. Tikiti ipo. Viza ipo. Chanjo nimechomwa, mkono bado unauma. Pasipoti haipo! Iko ndani ya mkoba wa binti yangu Ruweida, na amesema haitoki humo mpaka ahakikishe kwamba nikiugua Madina nitaweza kujieleza. Nikamkumbusha kwamba nimesoma vitabu kabla yeye hajazaliwa. Akasema sawa, Baba, basi anza kusoma maandishi ya kwenye pakiti za dawa. Dharau! Kwa sababu ya presha na kisukari tu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimefungasha dawa. Pakiti zinajaza begi bure, nusu yake hewa. Nimevitoa vidonge vyote, nimevitia katika kopo moja la majani ya chai, na pakiti nimewashia jiko. Nafasi iliyopatikana inatosha vitabu. Akili hiyo!

Maandishi ya nini? Vidonge vyangu nimevipa majina ya majirani wa Mashimoni, kule Kibera, nilikoishi kabla barabara haijapita katikati ya sebule yangu na kunileta hapa mtaa wa Kawangware 46. Kile kikubwa cheupe cha sukari ni Mbula, aliyekuwa akiuza maji: mpana, hana haraka, hapiti kooni bila glasi nzima. Kidogo cha presha ni Nereah, fundi wa cherehani, mkimya, huoni kazi yake ila siku asipokuja. Cha manjano, kinachonikimbiza chooni asubuhi yote, ni Usman.

Kila siku nikifungua kiganja, mtaa mzima umo. Hawa hakuna tingatinga litakalowahamisha.

Alhamisi, 6 Novemba
Balaa. Usman mwenyewe, yule wa nyama na mifupa, amekuja kunitembelea. Tunasafiri pamoja na tumepangiwa chumba kimoja. Nyumba yake Kibera ilinusurika barabara kwa upana wa ukuta, na tangu hapo hunizungumzia kama mtu aliyeuza yake kwa uvivu.

Sikumsikia akibisha. Nilikuwa nimeinamia kopo, nikijisemea kwa sauti: Mbula nimemmeza, Nereah nimemmeza, lakini Usman leo nimemtupa chooni, ananisumbua, na huko Madina simtaki kabisa!

Nikageuka. Amesimama mlangoni na mfuko wa tende. Akauliza ni choo kipi.

Nilijaribu kueleza. Akaondoka. Na tende zake!

Ijumaa, 7 Novemba
Nilikwenda kuswali Kibera, kama kawaida yangu. Habari ilinitangulia. Eti mimi, Abdelkarim, sasa nameza watu! Mmoja aliuliza kama Mbula alikuwa na chumvi ya kutosha. Mwingine alisogea kidogo safuni. Usman amemwambia kiongozi wa msafara kwamba halali chumba kimoja na mimi, na kwamba mzee aliyechanganyikiwa aachwe nyumbani. Kisha akampigia simu Ruweida. Msaliti! Ruweida amesema kesho ni kliniki, na nikishindwa huko, pasipoti itakaa mkobani hadi mwakani.

Mwakani. Kwa umri wangu neno hilo si la kutumiwa ovyo.

Jumamosi, 8 Novemba
Muuguzi anaitwa Kalekye. Akaniambia nijifanye nimeanguka Madina, na daktari wa huko anauliza natumia dawa gani. Nikajibu kwa utulivu wa msomi: Mbula mmoja asubuhi, Mbula mmoja jioni, Nereah nikiamka, na nusu ya Usman.

Kalekye akamuuliza Ruweida kama nimewahi kugonga kichwa.

Nikatoa kopo liwe ushahidi. Akachungulia ndani. Akasema, mzee, hii ni dawa ama ni githeri, mahindi na maharagwe sufuria moja? Akanieleza polepole kwamba daktari mgeni hamjui Mbula, kwamba dawa husafiri ndani ya pakiti zake, na kwamba hukaa kwenye mkoba wa mkononi, maana begi kubwa likipotea hupotea na uhai wa mtu. Ruweida alikuwa anaangalia sakafu. Nikaona machozi. Nikalifunika kopo.

Tukasikia kicheko mlangoni. Usman! Alikuja kushuhudia nikiaibika. Alicheka hadi akashika mizani asianguke. Kisha akataka kujua kwa nini yeye ndiye wa chooni. Nikamwambia ni kwa sababu akianza kazi hakuna mtu anayekaa. Akafurahi! Akamwambia Ruweida, mpe baba yako pasipoti, mimi nitalala naye chumbani na dawa nitazishika mimi, kwani nani mwingine atamwelewa huyu?

Pasipoti imetoka mkobani. Pakiti mpya zimenunuliwa, na za akiba juu. Majina halisi nimeyarudia njiani hadi nyumbani, amlodipini, metformini, mpaka muuza mandazi akaitikia.

Jumapili, 16 Novemba
Madina. Kikohozi. Usman alinipeleka duka la dawa akinishika mkono kama bibi harusi. Nilimtajia mfamasia dawa zangu zote kwa majina yake halisi, bila kukosea hata moja. Akanisifu! Usman alinuna mpaka hotelini.

Nimepewa vidonge vipya vya kifua. Pakiti haikuenea mfukoni mwa kanzu, nimeitupa. Jina lake lilikuwa refu mno. Kidonge chenyewe ni chekundu, kitamu mwanzoni, halafu kinakuamuru ukalale.

Nimekiita Ruweida.