Tembre Moja na Matabishi Yake

Jumatatu, 3 Juni 1957

Nimefika kazini, kontwari haiko! Nilidhani nimekosea mlango. Miaka kumi na moja nimeegemea ile meza ndefu ya kuuzia, mpaka kiwiko changu kimeichimba shimo. Leo maseremala wameikata vipande vitatu. Wanaipiga randa iwe rafu.

Bwana Stelio, Mgriki mwenye magazini, yaani duka letu, ametuita mimi na Firmin, wauzaji wake wawili. Amesema magazini itakuwa kama za Ulaya. Mteja atashika kikapu, atajichukulia mwenyewe, atalipa mlangoni. Sasa wauzaji wawili wa nini? Baada ya majuma mawili mmoja atakuwa shefu, msimamizi wa duka. Mwingine atarudi kwao.

Kwetu ni Nyangezi. Huko jembe linaningoja.

Firmin ametabasamu. Firmin anakula bugali kwa uma ili aandikiwe kadi ya evolue, ya Mwafrika anayeishi kama Mzungu.

Nyumbani nimemwambia mke wangu Georgette kwamba shefu ni mimi. Si uongo. Ni habari iliyotangulia.

Jumanne, 4 Juni

Georgette ameipakia habari yangu kwenye lori! Amempa dereva, imekwenda Nyangezi kwa kaka yake Honoré. Honoré amejibu kwa lori hilo hilo: atakuja Jumamosi ya tarehe 15, na mbuzi, kumsalimu shefu. Leo sitalala.

Alhamisi, 6 Juni

Tumefungua. Rangi mpya, taa ndefu nyeupe, harufu ya mbao. Wanawake wa mtaa wa Kadutu wameingia, wamesalimu, wamesimama. Wakangoja. Sisi pia tukangoja. Hakuna aliyegusa hata kiberiti.

Firmin amewaeleza mambo ya rafu, kwa Kifaransa. Wamemsikiliza kama wanavyosikiliza misa.

Nimemwendea Maman Nsimire, ambaye wanawake wote wa Kadutu hununua anaponunua yeye. Nikamuuliza taratibu kwa nini hachukui sabuni. Amenitazama kama nimemtukana.

“Papa Cyprien, nichukue kitu ya mutu bila mutu kunipa? Wataniita mwizi.”

Basi nimeitoa sabuni kwenye rafu, nimempa mkononi. Ameipokea kwa mikono miwili, ameitia kikapuni. Wengine wakapanga mstari nyuma yake. Nimekwenda na kurudi mpaka magoti yakalia. Kumbe kujichukulia ni kazi kubwa kuliko kuuza.

Balaa limetokea mlangoni. Tangu zamani, mteja akinunua, tunamwongezea chumvi kidogo ndani ya kipande cha gazeti. Ndiyo matabishi. Bila matabishi mtu hajanunua, amenyang'anywa tu. Leo Bwana Stelio ametangaza: matabishi imekufa. Badala yake kila kitu kimoja kina tembre moja, kikaratasi chekundu cha kubandika katika kitabu kidogo. Ukijaza thelathini, unapewa sufuria.

Maman Nsimire ameipokea tembre. Ameigeuza. Ameilamba. Amesema haina chumvi. Ameiacha sabuni pale pale, amekwenda duka la jirani, na mstari wote umemfuata.

Bwana Stelio amekuwa mwekundu kuliko tembre. Amesema mimi nitatoa tembre kwenye mlango wa kushoto, Firmin wa kulia. Jumamosi ya tarehe 15, mwenye watu wengi ndiye shefu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata akili! Imenijia nikinyoa. Nani alisema matabishi lazima iwe chumvi?

Nimemfuata Maman Nsimire kwa jirani, nimemwomba aje mara moja tu. Amenunua kiberiti. Nimempa tembre yake. Halafu, polepole, machoni pake, nikamwongezea ya pili juu.

“Sasa hii ndiyo kununua,” amesema.

Ametoka. Amerudi. Amenunua kiberiti kingine.

Jumapili, 9 Juni, Pentekoste

Padri amehubiri jinsi Roho alivyowashukia mitume kwa ndimi za moto. Nyuma kanisani ndimi za wanawake zilikuwa na kazi nyingine: walikuwa wanalamba tembre. Nimeona vitabu vinne ndani ya vitabu vya nyimbo. Nimejisikia mtu mkubwa.

Jumatano, 12 Juni

Mstari wangu umefika barabarani! Mstari wa Firmin ni Firmin peke yake, na kamishi mmoja, karani wa serikali, aliyepotea njia.

Mwanamke mmoja ameniambia amekuja na mtoto mgongoni, na mtoto pia ni mutu. Nimempa ya tatu. Kesho, nadhani, watoto wote wa Kadutu watabebwa mgongoni, hata wenye ndevu.

Firmin amenijia akaninong'oneza kwamba ameona, na kwamba sheria ni tembre moja. Nimemwambia sheria yake iende ikanunue kiberiti. Bwana Stelio amenipiga bega mara mbili. Mara mbili! Hata yeye ameongeza matabishi.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika yote, hata yanayoniaibisha.

Asubuhi, kabla hatujafungua, wanawake arobaini na watatu walikuwa mlangoni. Kila mmoja na kitabu kilichojaa. Sufuria zilizoko ni kumi na mbili.

Bwana Stelio alikuwa amepanga mtu ajaze kitabu kwa miezi sita. Ameuliza wamejazaje kwa juma moja. Firmin alifungua mdomo. Maman Nsimire akamtangulia, kwa nia njema kabisa.

“Bwana, huyu Papa Cyprien iko na heshima. Anatoa tembre ya kununua, anatoa na ya matabishi. Ule mwingine ni mutu ya kukauka.”

Bwana Stelio ameketi juu ya gunia la maharagwe. Sijawahi kumwona akiketi mbele ya watu.

Hapo hapo Honoré ameingia na mbuzi, amevaa nguo za misa, akiuliza kwa sauti shefu yuko wapi. Bwana Stelio amemwonyesha Firmin. Mimi ameniambia nichukue koti langu niende kwetu.

Nimechukua koti. Nimefika mlangoni. Wanawake hawakunipisha. Maman Nsimire amesema basi na wao wanakwenda, kwa jirani, na sufuria zao watazingojea huko. Bwana Stelio ameuhesabu ule mstari kwa kidole. Halafu amesema nitakaa nje, nigawe vikapu, mpaka mwisho wa mwezi tu, aone.

Sufuria ya kwanza amepewa Maman Nsimire. Ameipokea kwa mikono miwili, ametazama ndani, amemtazama Bwana Stelio.

“Na matabishi yake?”

Nimemweleza Honoré kwamba mimi ni shefu wa vikapu. Ameangalia vikapu. Amemrudisha mbuzi Nyangezi.

Jumatatu, 17 Juni

Tembre zimekufa. Bwana Stelio ameleta kitu kipya kabisa, tombola. Kila anayepewa kikapu anapewa nambari iliyochapwa. Mwisho wa mwezi itavutwa nambari moja, na mwenye nambari hiyo anachukua baisikeli. Baisikeli yenyewe imetundikwa dirishani, nyeusi, inang'aa.

Bwana Stelio amenishika sikio kabla ya kufungua. Mtu mmoja, nambari moja. Amenifanya niseme mara tatu. Nimesema mara tatu. Georgette naye amenionya asubuhi, amesema tukirudi Nyangezi nitalima mimi, yeye atatazama. Mimi si mjinga. Nimejifunza: ubaya wa sufuria ni kwamba zilikuwa nyingi. Baisikeli ni moja tu. Haiwezi kupungua.

Maman Nsimire alikuwa wa kwanza. Amepokea kikapu. Amepokea nambari. Hakuondoka. Alinitazama tu, mpaka nikamwongezea ya pili.

Nambari zilizochapwa ziliisha kabla ya adhuhuri. Haidhuru. Nimeziandika nyingine mwenyewe, kwa kalamu hii hii, mwandiko mzuri kuliko wa mashine. Nimeanza tena na nambari moja.