Ita Bwambale Abebe

Jumatatu, 2 Machi 2015
Habari kubwa! Mama Mbabazi, mwenye supamaketi, ametukusanya asubuhi kabla ya kufungua mlango. Duka linatungiwa wimbo. Wa rap! Utapigwa redioni hapa Kasese mpaka Bwera, ambako tunafungua tawi jipya. Tawi linatafuta meneja. Meneja ni mimi. Mama hajasema bado, lakini siku hizi ananiangalia sana.

Tena lazima niwe mimi. Jana nilikwenda Bwera kwa Mzee Kosiya, baba yake Immy wangu. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema meneja. Mdomo uliniponyoka! Ukweli ni kwamba napanga sabuni kwenye rafu. Mzee akaiangalia mikono yangu, hata jina hakuniuliza. Heshima hiyo. Nilikunywa chai vikombe vitatu nikaondoka.

Jumanne, 3 Machi
Mtunzi wa wimbo ni Jonan, mpwa wa Mama, kijana wa Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi. Anajiita MC Chumvi. Anavaa miwani ya jua hata ndani ya stoo. Nimembana huko kati ya magunia, nikamwomba aliweke jina langu kwenye wimbo. Jina tu, la Bwambale. Nimemwahidi chakula changu cha mchana wiki nzima. Akataka na soda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikakubali.

Adong wa kaunta alisikia yote. Huyu ni mke wa askari, anakaa kambini, kwao ni Kitgum. Akacheka. Akasema nyinyi Wakonzo kila mtoto wa kiume wa pili mnamwita Bwambale, kila nyumba inaye, sasa nani atajua kwamba ni wewe? Wivu huo. Watu watajua tu.

Ijumaa, 6 Machi
Wimbo umetoka! Spika mbili mlangoni, boda zote zimesimama. Sowedi wa nyama ametajwa pamoja na maini yake. Amelia, kisu mkononi, wateja wakarudi nyuma. Adong ametajwa kwamba ana macho manne. Amenuna. Kisha nikaja mimi, tena kwenye kiitikio!

*Supamaketi ya Mama, kila kitu iko ndani,
Ita Bwambale abebe mpaka nyumbani!*

Nilianza kupiga makofi kwenye jina langu. Maneno mengine niliyasikia mara ya tatu.

Jumamosi, 7 Machi
Banange! Mama mmoja alinunua gunia la posho, unga wa mahindi kilo hamsini, akanishika mkono, akaniimbia. Nyumbani kwake ni Kilembe. Kule juu! Nikamkimbilia Mama Mbabazi. Akasema wimbo ni ahadi.

Baada ya posho, magodoro mawili. Baada ya magodoro, mzee mmoja aliyenunua kiberiti. Kimoja! Alitembea mbele, mikono nyuma, akisalimia watu wote wa mtaa, na mimi nyuma yake na kiberiti. Kila aliyeuliza alijibiwa kwamba huyu ndiye Bwambale wa redioni. Na chakula cha mchana alikula MC Chumvi.

Jumatatu, 9 Machi
Mgongo umegoma. Lakini kichwa kinafanya kazi! Wimbo unasema Bwambale. Hausemi mimi. Nje ya duka kuna kijana wa Karusandara, wa boda ya baiskeli. Jina? Bwambale! Nimemweleza kwamba redio inamtangaza yeye. Akafurahi sana, hakuuliza lolote. Nikarudi kwenye sabuni zangu nikipiga mluzi.

Kumbe habari ina miguu. Saa sita walikuwa Bwambale kumi na mmoja mlangoni, kila mmoja akidai kazi yake ya redioni. Mmoja alikuja na mama yake mzazi kuthibitisha kwamba ni wa pili kweli. Wakaanza kugombania kreti ya mayai. Adong akaruka kaunta, akapaza sauti ya kambini: mstari mmoja, mdomo funga! Wakasimama wima. Mmoja alimjibu "Ndiyo, afande." Mama Mbabazi alimwangalia Adong kwa muda mrefu. Mimi hakuniangalia.

Jumatano, 11 Machi
Hatari! Mzee Kosiya dukani! Amekuja kutoka Bwera kwa sababu ya redio. Nikajitupa nyuma ya karatasi za choo. Meneja gani anapanga sabuni? Akiniona nimekwisha, na Immy amekwenda. Moyo ulinidunda mpaka karatasi zikatikisika.

Mzee akanunua gunia la sukari. Akauliza kwa sauti: "Bwambale iko wapi? Redio ilisema mpaka nyumbani. Nyumbani kwangu ni Bwera!" Watu wakaguna. Nikatoa kichwa kidogo, nikamnong'oneza yule wa Karusandara aende. Akalifunga gunia kwenye baiskeli, akaondoka nalo. Mpaka Bwera! Mzee akapanda gari, akamtangulia.

Nimecheka mpaka jioni. Akili ni nywele, na mimi zangu ni nyingi.

Jumamosi, 14 Machi
Siku mbaya. Mama Mbabazi amempa Adong umeneja wa Bwera.

Kisha Immy akapiga simu. Baba yake hasemi lingine. Kijana kafika Bwera usiku, jasho mpaka kwenye viatu, akakataa kukaa kabla gunia halijaingia ndani. Asubuhi akatengeneza mlango wa banda la mbuzi bila kuombwa. Mzee amesema huyu ndiye mwanamume. Yule meneja alikuja na mikono laini, akamaliza chai, hata kikombe hakukisogeza.

Nikamuuliza Immy yeye anasemaje. Akasema kijana ana meno mazuri, na tangu Alhamisi amerudi mara mbili na baiskeli, bila mzigo.

Nimelia nyuma ya karatasi za choo. Naandika wazi, nimelia sana. Nampenda Immy. Ningelibeba lile gunia mwenyewe, saa hizi ningekuwa mkwe.

Jumapili, 22 Machi
Sherehe ya kumtambulisha bwana harusi wa Immy ni Jumamosi ijayo, Bwera, nyumbani kwa Mzee Kosiya. Watu mia mbili. Muziki ni wa MC Chumvi.

MC Chumvi! Mungu hajanisahau. Nimembana tena stoo. Chakula cha mchana wiki mbili, soda kila siku. Amekubali kunitungia mstari, na atauimba mbele ya wazee wote, Immy akiwa amekaa pale pale na yule mtu wa baiskeli:

*Bwambale anampenda Immy, Bwambale hatamwacha!*

Hapo wote watashtuka. Immy atasimama. Mzee ataona aibu. Harusi itavunjika pale pale!

Nimemsomea Adong mstari huo. Amecheka mpaka akakaa chini ya kaunta, mteja akamtafuta. Nikamuuliza kinachomchekesha. Akaniuliza tu, na bwana harusi anaitwa nani?

Wivu huo. Watu watajua tu.