Udongo Mwekundu na Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimeanza rasmi. Si kamari. Ni sayansi.

Tivii ya pale mapokezi imekuwa ikionyesha video ileile tangu niajiriwe kliniki ya meno. Piga mswaki juu, chini, zungusha, tema. Leo, Daktari alipokuwa ndani anang'oa jino la mtu, nikahamisha chaneli. Tenisi! Uwanja mwekundu kama tofali lililopondwa, jamaa wawili wanaserereka kama watoto kwenye matope. Simu ya mezani ikalia, nikaiacha ichoke yenyewe.

Nikagundua jambo ambalo watangazaji wote wamelipita. Kwenye udongo mpira unapunguza mwendo, kwa hiyo nguvu si kitu. Anashinda mwenye subira. Na subira inaonekana usoni. Sasa jamani, nani anajua nyuso za watu wanaosubiri kunishinda mimi? Namjua wa kusafishwa tu. Namjua wa kuziba. Namjua wa kung'olewa gego hata kabla hajakaa.

Nikaweka nauli yangu kwa kijana mwenye uso wa kusafishwa tu. Akashinda! Malipo yamechelewa kuingia, nimerudi nyumbani kwa miguu. Lakini ni miguu ya mshindi.

Nyumbani mke wangu amenikabidhi hela ya kitanda. Mama yake alivunjika nyonga na atatoka hospitali Jumamosi ya wiki ijayo, aje kwetu. Seremala karakana yake iko nyuma ya kliniki, kwa hiyo kazi ni yangu. Kitanda kiwe kifupi miguu, kiwe na mahali pa kushika. Mke wangu amerudia kunipa maelezo mara nyingi, kana kwamba anazungumza na mtu mwingine.

Kaka yake, yaani shemeji yangu kinyozi, amesema kwake hakuna nafasi. Ya spika mbili kubwa kama makabati ipo. Ya mama hakuna.

Jumatano, 7 Mei

Sijaenda kwa seremala. Sijaitumia ile hela, nimeichelewesha tu. Ikizaa kidogo, mama mkwe atalalia mninga badala ya mbao za kufungia mizigo. Anayenilaumu ajiulize kama anampenda mkwe wake kiasi hicho.

Jioni nimepita kwa shemeji kunyoa. Naye anabeti tenisi! Nikamuuliza anatumia kigezo gani. Akasema anamchagua aliyenyolewa vizuri zaidi. Nikacheka mpaka wembe ukanigusa. Halafu akanionyesha simu yake. Wiki nzima hajakosa.

Huyu ni mtu anayedhani seti ni ya vikombe.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeonewa. Nilimsoma mchezaji mmoja tangu juzi, uso maji matulivu. Nikaweka hela kwenye jina lake. Kumbe jina ni la ukoo, na wako ndugu wawili! Aliyeingia uwanjani leo ni kaka mtu. Uso wa kung'olewa gego. Alikuwa anajipiga raketi kwenye paja kabla hata hajafungwa. Kampuni ya kubeti nimeipigia simu nikadai kurudishiwa. Msichana akanijibu kwa upole kwamba jina nililochagua lilikuwa na herufi ya kwanza mbele yake. Nani anasoma herufi?

Kwa hesabu yangu, miguu miwili ya kitanda imekwenda. Haijaharibika kitu. Pale ilipopungua panaweza kuwekwa tofali.

Jumatatu, 12 Mei

Siku mbaya. Mchezaji wangu alikuwa anaongoza, amebakiza kidogo tu amalize, akateleza, akakaa chini akishika kifundo cha mguu. Nikasahau niko wapi. Nikapiga kelele ainuke, ainuke bwana, mwanaume mzima! Mzee aliyekuwa anasubiri kwenye kiti akadhani nasema naye. Akainuka, akachukua kofia yake, akaondoka. Jino lake linaoza huko aliko.

Mchezaji hakuinuka. Walimtoa kwa kumshikilia.

Daktari alitoka na glavu mkononi. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonikera. Akasema kwa sauti ileile anayowaambia watoto kwamba haitauma: kosa jingine la namna hii nitafute mapokezi ya mtu mwingine. Akarudisha mswaki. Juu, chini, zungusha, tema.

Ubao wa kichwani umekwenda, na ule wa miguuni pia.

Jumatano, 14 Mei

Mke wangu ameuliza kitanda kimefikia wapi. Nikamwambia kimebaki kupigwa msasa. Sijui neno hilo lilitoka wapi, lakini lilimfurahisha. Ameshanunua godoro, limeegemezwa ukutani chumba cha wageni, bado liko ndani ya nailoni. Amenunua na shuka. Akaniambia, bila hata kunitazama, kwamba watu wanasema mengi juu yangu lakini kwenye shida sijamwangusha.

Nikaisukuma sahani. Nikasema tumbo.

Alhamisi, 15 Mei

Niseme yote.

Mchana nilisoma kwenye simu matokeo ya mechi ya leo. Twiga, kama mashabiki wanavyomwita yule mchezaji mrefu, amemfunga Kipara. Basi. Jioni naingia kwa shemeji, naona kwenye tivii yake nani wanacheza? Twiga na Kipara! Seti ya kwanza ndiyo kwanza inaanza. Nikajua hapohapo kwamba wanarudia mechi ya mchana, na kwamba shemeji, kichwa cha mteja mkononi, hana habari. Mungu huwa hamtupi mtu wake.

Nikajitia kupiga miayo. Nikamuuliza shemeji anampa nani. Akasema Kipara.

"Mtu hana hata unywele mmoja!" nikamwambia.

"Ndiyo maana," akasema. "Kipara kile kimenyolewa na mtu anayeijua kazi."

Nikamwambia tuwekeane sisi wawili, pale pale, mkono kwa mkono. Nikatoa bahasha ya kitanda na kila kilichobaki ndani. Akaitazama, juu imeandikwa 'kitanda' kwa mwandiko wa dada yake.

"Shemeji, hizo ni nyingi. Una uhakika?"

"Unaogopa?"

Hakuogopa. Alifungua droo ya mashine za kunyolea, akatoa zake.

Kipara alishinda. Sikuelewa. Niliendelea kusubiri Twiga azinduke hata walipokwisha kupeana mikono. Nilidhani tivii imekosea.

Ndipo mteja, povu limemjaa mashavuni, akasema taratibu, "Lakini si hii ni ya mwaka jana? Ya leo Twiga kashinda, nimeisikia redioni."

Wale wale wawili! Uwanja ule ule! Na kwenye kona ya kioo, kwa maandishi madogo kama chawa, imeandikwa mwaka jana.

Nikaruka. Nikasema mchezo batili, hela yangu irudi. Shemeji akazima mashine.

"Batili kwa nini?"

"Kwa sababu imeshachezwa!"

"Mimi sikujua kwamba imeshachezwa," akasema. "Wewe ulijua?"

Nikifikiri jibu hili kwa utulivu wa sasa, bado silipati. Nikisema nilijua, basi nilikuja kumwibia kaka wa mke wangu mbele ya mteja wake. Nikisema sikujua, basi sote tulikuwa gizani na ameshinda kihalali. Nikasema sikujua.

"Basi yameisha," akasema, akafunga droo.

Nilitoka nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Kumbe alipokwisha kumpaka mteja povu alikuwa ameshaanza na mimi wakati wa seti ya pili, na sikuwa na uso wa kurudi kumaliziwa.

Jumamosi, 17 Mei

Mama mkwe ametoka hospitali.

Nilipanga kumwambia mke wangu asubuhi. Kisha nikapanga kumwambia wakati wa kufunga vitu. Kisha tukawa tumeshafika nyumbani na mama yuko mlangoni, ameshika magongo mawili, anatabasamu kwa kuchoka.

Mke wangu akafungua mlango wa chumba cha wageni. Godoro liko sakafuni. Nililitoa nailoni mwenyewe, nikalitandika vizuri, nikakunja pembe za shuka. Nilidhani itasaidia.

Mama hawezi kushuka sakafuni. Hata mtoto angelijua hilo. Kitanda chetu nacho ni kirefu kwenda juu, hawezi kukipanda. Tukamkalisha kwenye kiti cha jikoni, nyonga inamuuma, jasho linamtoka, naye anasema hapana, hapana, nimekaa vizuri wanangu. Mke wangu akampigia seremala. Nilisikia sauti ya fundi kwenye simu: mama, mimi huyo bwana sijawahi kumwona.

Mke wangu aliweka simu mezani polepole, kioo chini.

Kisha shemeji akaingia. Gari la kukodi liko nje. Hakunitazama. Akamwinamia mama yake, akasema, "Mama, twende kwangu. Kitanda kipo. Nimekinunua jana, kifupi, kina mahali pa kushika. Spika nimeuza, nafasi ipo."

Mama akalia. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwombea Mungu amzidishie, amfungulie milango, asipungukiwe na kitu mtoto anayemkumbuka mama yake. Mke wangu naye akalia. Dereva naye akavuta kamasi. Na mimi nimesimama pale naijua kila noti iliyonunua kila mbao ya kitanda kile, na siwezi kufungua mdomo!

Wakati wa kutoka mama alisimama mbele yangu, akanishika mkono. "Usijisikie vibaya, baba," akasema. "Najua ulihangaika."

Ningependa angenitemea mate.

Mke wangu amekwenda naye kumuuguza. Amechukua godoro. Nilianza kumweleza, akanikatiza. "Usinieleze. Wewe ukieleza, mimi ndiye ninayeona aibu."

Jumapili, 1 Juni

Nimekwenda kuwasalimia, na machungwa. Mama anatembea kwa gongo moja. Shemeji alikuwa anamkata kucha barazani. Majirani wanamwita mwana mwema, mbele yangu, nami naitikia.

Mke wangu hakunikaribisha ndani, tulisimama mlangoni. Shemeji hajamwambia kitu. Angesema, ningeliona usoni mwa mke wangu. Mtu mbaya yule. Ananiweka deni la ukimya.

Jumapili, 15 Juni

Habari njema mbili.

Ya kwanza: mke wangu amepiga simu jana. Sauti yake ilikuwa ya zamani. Akasema mama amemwombea mume wake, yaani mimi, mpaka amechoka kusikia. Akasema nije leo saa nane mchana, atapika mwenyewe, tukae tuzungumze kama watu wazima. Nisipokuja, akasema, atajua nimechagua. Nikamwambia nitakuja hata kwa kutambaa.

Ya pili: msimu wa udongo umekwisha! Nimefikiri sana, nimejichunguza bila kujionea huruma, nimefikia ukweli. Tatizo lilikuwa udongo. Sasa ni nyasi. Kwenye nyasi mpira unakimbia, hakuna wa kusubiri, kwa hiyo uso hauna maana yoyote. Kinachotazamwa ni vifundo vya miguu. Hakuna mchambuzi hata mmoja aliyelisema hili.

Fainali ya kwanza ya nyasi ni leo. Saa nane.

Nimemwandikia mke wangu ujumbe kwamba Daktari ameniita kazini kwa dharura. Kliniki hufungwa Jumapili, lakini kwa furaha aliyokuwa nayo hilo hatalikumbuka. Mshahara wa mwezi nimeuweka wote. Amesoma ujumbe. Hajajibu. Nadhani yuko jikoni.

Wanaingia uwanjani. Jamani, vifundo alivyo navyo yule kijana!