Pweza wa Siku ya Mtihani

Jamani, leo nimeadhirika. Tena nimeadhirikia chini ya bahari, mahali ambapo huwezi hata kujifunika leso usoni ukakimbia.

Wanaonijua wanajua kwamba kwa muda mrefu kazi yangu imekuwa kusuuza mavazi ya wapiga mbizi na kubeba mitungi ya hewa katika kituo kimoja hapa Diani. Kidogo kidogo nikajifunza kupiga mbizi mwenyewe, nikaiva. Leo ilikuwa siku yangu ya mtihani. Niwashushe wageni, niwatembeze mwambani, niwapandishe salama, na mwalimu ananitazama. Nikifaulu, mimi ni kiongozi wa wapiga mbizi na ndoo ya kusuuzia naiaga. Mtoto wa Msambweni mie! Asubuhi hata chai haikupita kooni.

Mwalimu wangu ni Otieno, mtu wa Kisumu aliyekaa huku mpaka kwa mahamri anatushinda wenyeji. Wageni walikuwa wawili, Wanjiru na mumewe, wametoka Nairobi. Mume alikuwa na kamera ya kuingia majini. (Ikumbukeni hiyo kamera.)

Botini nikawapa maelezo. Nilijisikia waziri.

"Kule chini tunatazama tu, hatugusi," nikasema, kidole juu. "Matumbawe hatuyagusi. Kasa hatumgusi. Mikono yako ifunge kifuani, itulie."

"Hata kidogo tu?" Wanjiru akauliza.

"Hata kidogo, dada. Mwenye kugusa hapandi tena boti yangu." (Boti yangu! Sina hata kipande cha mtumbwi.)

Otieno akatikisa kichwa, ameridhika. Tukashuka.

Na hapa niseme kweli, kule chini kila mara hunijia machozi, na machozi ndani ya miwani ya mbizi ni taabu. Huo mwamba ndio ulionilea. Nilipokuwa mtoto, maji yakikupwa sana wakati wa bamvua, bibi yangu alikuwa akijifunga leso mbili, anachukua kijiti chake, mimi nyuma na kikapu, tunakwenda kuchokoa pweza. Bibi alinifundisha kuijua nyumba ya pweza. Ukiona maganda ya kaa na kombe yamerundikwa mlangoni, mwenyewe yumo ndani, ameshiba, amepumzika. Hapo hapana kufikiri. Unaingiza mkono, unamkamata shingo, unamvuta upesi kabla hajashika jiwe, unamgeuza kichwa kama soksi, unamsokomeza kwenye leso kiunoni. Kisha unapiga ukelele ili mwenzako ajue. Mimi nilikuwa nikipiga, "Bibi, nimempata!" naye kutoka mbali ananijibu, "Usimwachie!"

Nayatamani maisha yale. Namtamani na bibi wa wakati ule, maana huyu wa sasa magoti yamemkatalia, hashuki tena pwani. Na miaka yake yote bibi aliishia ukingoni mwa mwamba. Akifika pale maji yanapogeuka buluu nzito, anasimama, ananishika mkono, anasema, "Huko si kwetu." Tunarudi.

Basi leo nilikuwa huko kusiko kwetu, na mambo yalikwenda vizuri ajabu. Tulimwona kasa. Hewa ya wageni niliikagua. Wanjiru alipoanza kuelea juu nikamshusha kwa upole, kama mama. Otieno akaniunganishia kidole gumba na cha shahada, yaani mambo sawa. Ilibaki kugeuka na kupanda tu.

Ndipo nikayaona maganda.

Yamerundikwa vizuri, ya kaa na ya kombe, mbele ya kitundu. Juu yake jicho moja linanitazama.

Wallahi sikuutuma mkono. Mkono ulikwenda wenyewe. (Mazoea yana taabu, mwenzenu leo nimeamini.) Nilipozinduka nilikuwa nimemkamata shingo na nimekwisha kumvuta nje, mzima, mnene, pweza ambaye zamani tungemla siku mbili. Akanizinga mkono mpaka kwapani. Akamwaga wino, dunia ikawa nyeusi. Mimi, badala ya kumwachia, nikawa napapasa leso kiunoni nimsokomeze! Leso iko wapi? Kiunoni nina mkanda wa vipande vya risasi vya kunizamisha.

Mngedhani hapo nimetosheka. Sikutosheka. Nikapiga ukelele.

"BIBI, NIMEMPATA!"

Kilichotoka ni mapovu. Na kipumulio nacho kikatoka mdomoni. Nikanywa bahari ya kutosha kupikia wali wa harusi. Pweza naye akapanda usoni, akajibandika kwenye miwani, nikawa naona vinyonyeo vyake tu. Otieno akaja akanirudishia kipumulio mdomoni, akambandua yule kiumbe mkono mmoja baada ya mwingine, akamwacha aende zake.

Wino uliposafika nikawaona wageni wangu. Wanjiru amefunga mikono kifuani, kama nilivyomfundisha. Mumewe ameshika kamera, haitikisiki hata kidogo.

Botini tukavua mitungi.

"Wueh!" Wanjiru akaanza. "Si ulisema hatugusi?"

"Nilisema, dada."

"Sasa ile ilikuwa nini?"

"Ile... ilikuwa bibi yangu," nikajibu. (Ndilo jibu lililonijia. Niacheni.)

Mumewe akacheka mpaka akakaa chini. Otieno hakucheka. Alinipeleka upande wa nyuma wa boti.

"Umeongoza poa," akasema. "Lakini siwezi pitisha mtu anawinda pweza na wageni wako nyuma yake. Wiki ijayo tunarudia. Na hiyo mikono utaifunga wewe kwanza."

Nilisikia uchungu, siwafichi. Nimerudi kwenye ndoo. Nilipomaliza kusuuza mavazi yote, likiwamo langu lenye wino, nikampigia bibi simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtihani?"

Nikamsimulia yote.

"Umefika kule kwenye buluu?" akauliza.

"Nimefika, bibi."

"Kukoje?"

Nikamwambia. Kwamba mwamba haukomi pale tulipokuwa tukisimama, unateremka, umejaa rangi, na samaki wamekaa humo kama watu mtaani. Kwamba na nyumba za pweza zipo, na maganda mlangoni vilevile. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Kumbe na huko ni kwetu," akasema.

Kisha akauliza, "Na huyo pweza, ulimtoa kwa mkono mtupu?"

"Mkono mtupu, bibi."

"Mashaallah. Sasa yuko wapi?"

"Ameachiwa, bibi. Amerudi kwake."

Halafu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa majirani wasisikie:

"Mtihani utaurudia, mwanangu, hiyo si aibu. Aibu ni hiyo ya kumwachia. Usimwambie mtu."

Basi nanyi nawaomba, chekeni taratibu, bibi asijue nimewaambia.