Bwana Mradi Akamua Alizeti Issuna

Ilikuwa miaka ya ruksa. Serikali ilikuwa imeruhusu kila mtu kufanya biashara, na kila mwenye koti aliweza kuitwa bwana mradi. Abdulrazaki wa Utemini, mjini, alikuwa na koti.

Siku moja sokoni aliwasikia akina mama wa kijiji cha Issuna wakilalamika. Mwenye mashine mjini huwakamulia alizeti, kisha hubaki na nusu ya mafuta. Kikundi chao kilikuwa kinaweka akiba kinunue mashine yao. Abdulrazaki alishika neno moja tu: akiba.

Akakodi mashine ya mkono kwa fundi mmoja, akaipandisha lori, asubuhi akashuka nayo Issuna.

"Shikamoo mama," alimsalimu Dorkas, mwenyekiti wa kikundi.

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini?"

"Maendeleo. Wafadhili wanawasaidia wafanyabiashara wadogo. Mkinipa akiba yenu leo kama mchango, wiki ijayo nawaletea mashine mpya. Hii ni ya maonyesho."

Dorkas aliizunguka mashine. Akiba ile ilikuwa jasho la wanawake wa kijiji kizima, na hakutaka kuiona ikipanda lori.

"Basi tuonyeshe."

Abdulrazaki akavua koti, akakamua debe moja la alizeti. Mafuta yakatiririka, vigelegele vikapigwa.

"Hiyo ni alizeti ya Dorkas, laini," alisema Kristina, jirani yake. "Yangu ina maganda magumu."

"Itakamuka tu, dada."

"Maneno hayo."

Mtaalamu akiambiwa hivyo hufanya nini? Alikamua ya Kristina. Ikaja ya Eliana, iliyolimwa bondeni, nayo ikabidi ijaribiwe. Nyuma ya Eliana kulikuwa na foleni. Alipoomba mtu amsaidie kushika mpini, Dorkas alitikisa kichwa.

"Mali ya wafadhili, mwanangu. Tukiivunja tutasemaje?"

Hadi jioni vidumu vyote vya akina mama vilikuwa vimejaa, na viganja vya Bwana Mradi vimetoka malengelenge.

"Sasa mama, ule mchango."

"Wa nini tena?"

"Wa mashine."

"Sisi shida yetu ilikuwa mafuta, na tumeyapata. Mashine tutaifikiria."

"Na kodi ya fundi nitalipa na nini?" neno lilimtoka.

"Fundi gani? Mashine si ya wafadhili?"

Abdulrazaki akavaa koti lake. Wakamsaidia kupakia mashine kwa heshima zote. Lori lilipoanza kuondoka, Kristina alikimbilia dirishani.

"Bwana Mradi, mwakani tunalima zaidi. Uje na mwenzako."